Jina la Mwondoko: Ngoma za Moiben na Mbinu za Balei

Neno "ngoma" katika Kiswahili hubeba mambo mengi kwa pamoja: chombo kinachopigwa, uchezaji, wimbo, na hata sherehe yenyewe. Neno "balei" halina upana huo. Hutaja sanaa ya jukwaani ambayo, kwa kawaida, mchezaji wake hasemi wala haimbi. Tofauti hii husahauliwa mara nyingi na wanaojadili uchanganyaji wa ngoma za kienyeji na balei au dansi ya kisasa.

Moiben, katika Uasin Gishu, tatizo hili ni dhahiri. Uchezaji wa Wakalenjin wa sehemu hizo huongozwa na sauti zaidi kuliko ngoma ya kupigwa: kiongozi huanzisha, kundi hupokea, na mruko hufuata pumzi ya wimbo. Mwalimu anayetayarisha wanafunzi kwa ngoma ya ubunifu katika Tamasha la Drama la Kenya ana jukwaa lenye watazamaji mbele na muda uliopimwa. Akiazima balei, huenda akapunguza wimbo ili mwili upate nafasi. Hapo mruko hubaki, lakini sababu ya kuruka imeondoka.

La pili ni istilahi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kukunja goti kabla ya kuruka ni "plié", neno la Kifaransa lenye maana ya kukunjwa, hupokea pamoja na jina hilo kanuni ya mgongo ulionyooka na miguu iliyogeuzwa nje. Goti la mchezaji wa kienyeji halikuzaliwa katika kanuni hiyo. Mwenye kutoa jina ndiye mwenye kutoa sheria.

Wako wanaodai kwamba kila mchanganyiko ni uharibifu. Dai hilo halina nguvu. Germaine Acogny, aliyeongoza shule ya Mudra Afrique iliyofunguliwa Dakar mwaka 1977 na Léopold Senghor na Maurice Béjart, aliijua balei vizuri. Hata hivyo katika mbinu yake aliita miondoko kwa majina ya vitu vya mazingira yake, kama mti wa msufi. Balei iliingia kwake kama mgeni, si kama mwenye nyumba. Karibu zaidi, Faustin Linyekula wa Kongo, aliyeshiriki kuunda kundi la Gàara mjini Nairobi mwaka 1997 pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, alirudisha neno jukwaani. Katika kazi za Studios Kabako, alizoanzisha Kinshasa mwaka 2001, masimulizi husikika pamoja na miondoko.

Kwa hiyo kipimo cha uchanganyaji si wingi wa miondoko iliyoazimwa, bali ni iwapo ngoma ya kienyeji imeingia jukwaani na lugha yake: maneno ya wimbo na majina ya miondoko. Kazi hii haiwahusu wacheza ngoma peke yao. Hapana budi wanaisimu wakusanye msamiati wa uchezaji wa Kinandi na Kikeiyo kutoka kwa wazee wanaoujua, kabla mruko wa Moiben haujafundishwa kwa jina la Kifaransa tu. Mwondoko uliopoteza jina lake huweza kuigwa na yeyote; kuuendeleza ni jambo jingine.