Kisu Kinachofundisha Brashi

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilirudi nyumbani na madaftari matatu yaliyojaa maneno ya watu wengine. Nilikuwa nanakili hadithi nilizozipenda, neno kwa neno, kwa kalamu, kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho. Rafiki yangu aliyaona akacheka: "Sasa wewe ni mwandishi ama ni mashine ya fotokopi?" Sikumjibu. Nilifunga madaftari nikayasukuma chini ya kitanda.

Kumbe kuna watu waliojifunza hivyohivyo kwa karne nyingi, na wana kitabu chao. Kinaitwa Jieziyuan Huazhuan, mwongozo wa uchoraji wa Bustani ya Punje ya Haradali. Sehemu ya kwanza, ya milima na mito, ilichapishwa Nanjing, China, mwaka wa 1679. Bustani yenyewe ilikuwa makazi ya Li Yu, mwandishi wa tamthilia. Mkwe wake, Shen Xinyou, alikuwa na michoro ya kufundishia ya mchoraji Li Liufang, akamwomba Wang Gai aipange na kuiongeza. Li Yu akaandika dibaji. Sehemu zilizofuata, za okidi, mianzi, maua, ndege na wadudu, zilitoka 1701.

Mimi nimekisoma kwa simu, katika tafsiri ya Kiingereza ya Mai-mai Sze ya mwaka wa 1956. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na pengine hiyo ilinisaidia, kwa sababu hakuna rangi ya kukupumbaza. Unaona mstari tu.

Na mstari ndio somo lenyewe. Kitabu hakianzi na mlima. Kinaanza na mti mmoja mkavu, usio na jani. Halafu miti miwili, na namna inavyosimama pamoja bila kuonekana kama vijiti vilivyofungwa kamba. Majani yanakuja baadaye, na kila aina ina mpigo wake: mengine hupigwa kwa umbo la herufi za Kichina, ili mtu anayejua kuandika agundue kwamba mkono wake tayari unajua nusu ya kazi. Kisha mawe. Jiwe lina nyuso tatu, na mikunjo yake ina majina: kuna ya nyuzi za katani, kuna ya jani la yungiyungi, kuna ya pigo la shoka. Ukimaliza, una msamiati. Hujaandika sentensi hata moja, lakini una msamiati.

Jambo lililonishika, hata hivyo, ni kwamba kitabu hiki ni cha mbao. Mchoro uliwekwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi juu ya ubao mgumu kama wa mti wa mapeasi, kisha fundi akachonga na kuondoa kila kisichokuwa wino. Baadaye ubao ukapakwa wino, karatasi ikalazwa juu yake, ikasuguliwa. Sasa fikiria jani la mwanzi. Mchoraji analipiga kwa pumzi moja, na akikosea hakuna kufuta, maana karatasi imeshanywa wino. Fundi wa kuchonga analikata jani hilohilo polepole, ukingo wa kushoto, halafu ukingo wa kulia, akigeuza kisu pale ambapo brashi iliteleza tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza wepesi wa brashi anajifunza kutoka kwa uvumilivu wa kisu. Ule uhuru anaouona kwenye ukurasa umejengwa na mtu aliyeinama juu ya ubao mchana kutwa.

Kuna waliokwenda mbali zaidi kwa ufundi. Mjini humohumo Nanjing, Hu Zhengyan alikamilisha mwaka wa 1633 kitabu cha Ukumbi wa Mianzi Kumi. Humo kila rangi ina ubao wake mdogo, na wino hupunguzwa ubaoni ili tunda liive upande mmoja na kubaki changa upande wa pili. Kizuri, hilo sibishi. Lakini kwa sehemu kubwa kinakupa tunda lililokwisha kuiva. Jieziyuan kinakuonyesha mti ukiota. Mtu asiye na mwalimu anahitaji hicho cha pili.

Mtu kama Qi Baishi. Alizaliwa 1864 katika familia ya wakulima huko Xiangtan, mkoani Hunan, akasoma kwa muda usiofika mwaka mmoja, akachunga ng'ombe, kisha akafanywa seremala na mchongaji. Akiwa kijana wa kama miaka ishirini, alikikuta kitabu hiki nyumbani kwa mteja mmoja. Akakiazima. Kwa karibu nusu mwaka, usiku baada ya kazi, alikaa kwenye taa akifuatisha picha moja baada ya nyingine. Alipofariki 1957 alikuwa mmoja wa wachoraji mashuhuri kabisa wa China. Husemwa kwamba kitabu kilimtoa kwenye useremala. Mimi naona tofauti: kilikuwa kimechongwa na watu wa kazi yake, na naamini alikisoma kwa mkono uliojua kisu kimepita wapi.

Sitaki kukisifu hadi nidanganye. Wapo waliokigeuza gereza, wakachora mlima wa ukurasani maisha yao yote bila kuinua macho kutazama mlima. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanamageuzi wa China walililalamikia sana hilo, na walikuwa na haki. Hata Xie He, aliyeweka kanuni sita za uchoraji yapata karne ya sita, kunakili alikuweka mwisho. Mwanzo aliweka pumzi na uhai. Tena kitabu chenyewe kina dhambi yake. Mvuvi na mkata kuni wamo humo kama mapambo ya mandhari, mipigo michache tu, wengine hata macho hawana. Na majina tunayoyataja hadi leo ni ya Wang Gai na Li Yu. Waliochonga mbao, hewa tupu.

Lakini gereza lile lilijengwa na waliosoma kanuni ya sita wakasahau ya kwanza. Baloo halikuwa kunakili; balaa ilikuwa kuishia hapo. Qi Baishi alinakili, kisha akatumia miaka mingi akiwatazama kamba wa majini hadi wakawa wake, na uzeeni akawaonya wanafunzi wake wasijigeuze vivuli vyake.

Juzi niliyatoa madaftari yale. Kurasa za kwanza ni nakili safi. Katikati ya daftari la pili nimeruka neno, nikaweka langu. Daftari la tatu lina aya nzima ambayo nimeitafuta katika hadithi ya mwenyewe, sikuiona. Sikumbuki niliiandika lini. Rafiki yangu akija tena, nitamwonyesha hiyo aya kwanza.