Ukungu, Fangasi au Kuvu? Juu ya Jina la Ugonjwa wa Mizizi ya Chai

Orodha moja ya istilahi za kilimo iliyotufikia inauita ugonjwa wa armilaria katika chai "ukungu wa mizizi". Twaona fasiri hiyo haifai, na hasara yake haiishii katika lugha.

Neno ukungu lina kazi zake tayari: ni wingu linalotanda ardhini alfajiri, na ni uchafu unaoota juu ya mkate uliolala. Mkulima akilisikia atachunguza majani. Armilaria haikai huko. Majani hugeuka manjano, kisha mche hukauka; shina hupasuka karibu na ardhi; na gamba la mzizi likibanduliwa, huonekana utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Hapo ndipo ugonjwa unapotambulikana. Neno fangasi nalo halisaidii, maana wengi wakilisikia hufikiria maradhi ya ngozi.

Chai hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, wala si Kwihara. Hata hivyo tuliipeleka istilahi hii Kwihara makusudi, kwa kuwa wenyeji wa miombo wanaujua uyoga. Mzee mmoja tuliyemweleza dalili alijibu kwamba huo ni uyoga unaokula mzizi. Jibu lake li karibu na ukweli kuliko orodha, kwani armilaria ni kuvu inayozaa uyoga. Lakini nalo haliwezi kuwa istilahi: katika mashamba ya chai ya Afrika Mashariki uyoga wenyewe huchomoza kwa nadra, na atakayeungoja atapoteza miche mingi.

Ugonjwa huanzia katika mizizi ya miti ya msitu iliyokatwa ikabaki ardhini, ukapita pale mizizi inapogusana. Kwa hiyo hapana budi kung'oa mche mgonjwa na mizizi yake yote. Kadhalika, mti wa msitu hubanduliwa gamba kuuzunguka kabla ya kukatwa, ili mizizi yake iishiwe na wanga unaoilisha kuvu. Jina linaloelekeza macho majanini humnyima mkulima maarifa hayo.

Kwihara, kituo cha misafara ya karne ya 19, kila pagazi alikuwa na mzigo wake. Nasi twapendekeza vivyo hivyo: kuvu liwe jina la jamii nzima ya viumbe hao, uozo wa mizizi liwe jina la dalili, ambayo hata maji yaliyotuama huweza kuileta, na ugonjwa wenyewe uitwe uozo wa armilaria. Neno moja likitwishwa mizigo yote mitatu, atakayeelemewa ni mkulima.