Mlango wa Nchi Isiyokuwapo: Mwanzo wa Riwaya ya Kinjozi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, mwanzo wa kazi aghalabu hutajwa kwa haraka. Mhakiki hueleza mandhari, akaorodhesha wahusika wanaojitokeza, kisha akakimbilia dhamira. Mtindo huu huleta madhara makubwa zaidi inapohusika riwaya ya kinjozi, yaani ile inayojenga ulimwengu usiokuwapo. Riwaya ya aina hii hudaiwa kumvutia msomaji kwa ugeni wake. Makala haya yanalipinga dai hilo. Ugeni ni jambo jepesi kubuni, na peke yake huchosha upesi. Kinachomshika msomaji katika kurasa za mwanzo ni mambo mawili yanayokwenda sambamba: kipimo anachokijua cha kuupimia ulimwengu asioujua, na hatari inayomkabili mtu fulani kabla ulimwengu huo haujaelezwa wote.

Haja ya kumwandaa mpokeaji si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Fanani wa hadithi simulizi husema "Paukwa", na hadhira humjibu "Pakawa". Kwa jibu hilo hadhira huridhia kwamba sungura atasema na jini ataoa, wala haidai ushahidi. Mwandishi wa riwaya hana wa kumwitikia. Msomaji yu peke yake na kitabu, na aweza kukifunga wakati wowote. Ridhaa ambayo fanani aliipata kwa neno moja, mwandishi hana budi kuitafuta kwa sentensi zake za kwanza. Darko Suvin, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1979, alizifafanua bunilizi za kisayansi kuwa fasihi ambamo ugeni huandamana na utambuzi. Ingawa Suvin hakuwa akiizungumzia fasihi ya Kiswahili, ufafanuzi wake unaafikiana na jambo ambalo Shaaban Robert alikwisha kulitenda katika Kusadikika mwaka 1951.

Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Hata hivyo, mwandishi anapoeleza mipaka yake anataja pepo: kaskazi, kusi, matlai na umande. Msomaji wa pwani anazifahamu pepo hizi kama anavyoufahamu mlango wa nyumba yake, kwani ndizo zilizoleta majahazi na kuyarudisha, na ndizo zilizompangia mvuvi siku zake. Shaaban Robert, aliyetumikia idara ya forodha kwa miaka mingi, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, alijua uzito wa majina hayo. Kwa hiyo nchi isiyoonekana inazungushiwa mipaka ya vitu visivyoonekana lakini vinavyohisiwa kila siku. Hapo ndipo ustadi wa mwanzo huo ulipo. Msomaji hasihiwi kuamini. Anapewa upepo anaoujua, na nchi inasimama juu yake.

Kipimo hicho kingebaki pambo tu kama kusingefuata hatari. Mara baada ya ramani, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Ni kweli kwamba majina ya wahusika yanafichua mapema nani mwema na nani mwovu, na wahakiki kadhaa wameona hilo kuwa udhaifu wa kifani. Lakini taharuki ya riwaya hii haitegemei swali la nani ana haki. Inategemea swali la iwapo mwenye haki ataruhusiwa kusema, na iwapo wenye mamlaka watasikiliza. Katika Tanganyika iliyokuwa chini ya utawala wa kikoloni, swali hilo halikuwa la angani hata kidogo.

Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotolewa mwaka 1995, inaanzia pale ambapo Kusadikika inakaribia kwisha. Dzombo amekwisha kuhukumiwa kufa, na chombo cha kumrusha angani ndicho kitakachomwangamiza. Karama alipewa siku sita za kujitetea. Dzombo hana tena wa kumwambia neno. Kipimo anachopewa msomaji wa Kenya hapa si upepo bali ni dola yenyewe na namna inavyohukumu. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani katika miaka ya 1980. Kwa hiyo chombo, hata kikiwa cha ajabu namna gani, kinaingia katika hadithi kikiwa kitu cha pili. Cha kwanza ni hukumu. Aidha jina la riwaya linampa msomaji ufunguo wa ziada: akilikata mahali panapostahili, anasoma "wale ni sisi". Nchi ya mbali imekwisha kuwa kioo kabla Dzombo hajaifikia.

Huenda ikapingwa kwamba Nagona ya E. Kezilahabi, ya mwaka 1990, inaivunja kanuni hii. Msimulizi wake anajikuta safarini katika mandhari ya ukiwa na ukimya. Hajulikani ni nani, anatoka wapi, wala anatishwa na nini. Pingamizi hilo ni zito, na si haki kulijibu kwa kusema kwamba Nagona imeshindwa. Riwaya inayotafuta ukweli usiofikika ina sababu ya kumnyima msomaji mlango. Hata hivyo, inafaa kukumbuka nani alikuwa akiandika. Kufikia mwaka huo Kezilahabi alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya nne za kihalisia, kuanzia Rosa Mistika ya mwaka 1971. Msomaji aliyevumilia ukimya wa Nagona alivumilia kwa imani aliyokwisha kuijenga katika kazi hizo. Jina la mwandishi ndilo lililokuwa kipimo. Mwandishi chipukizi anayeiga ukimya huo hana akiba hiyo, na msomaji wake hadaiwi subira.

Ni dhahiri basi kwamba mwanzo wa riwaya ya kinjozi haupimwi kwa wingi wa maajabu yake. Unapimwa kwa kile kidogo kinachojulikana ambacho mwandishi amekichagua kiyabebe maajabu hayo. Mhakiki anayeuruka mwanzo akikimbilia dhamira anaiacha nyuma, kwani katika Kusadikika na Walenisi dhamira imekwisha kuingia nchini pamoja na pepo na hukumu.