Lugha kama Usanifu: Uhakiki wa Kanuni za Nielsen katika Menyu za Kiswahili za Huduma za Pesa kwa Simu

Utangulizi

Mwaka 1990, Rolf Molich na Jakob Nielsen walipendekeza orodha ya kanuni za kutathmini kiolesura, yaani sehemu ya mfumo ambayo mtumiaji huiona na kuitumia kutoa amri zake. Mwaka 1994, Nielsen aliiboresha orodha hiyo baada ya kuchambua matatizo 249 ya utumiaji, na kanuni 10 zilizopatikana zimekuwa msingi wa ufundishaji wa taaluma hii. Pamoja na mambo mengine, zinamtaka msanifu aoneshe hali ya mfumo, atumie lugha iliyozoeleka kwa mtumiaji, azuie makosa kabla hayajatokea na atoe njia ya kurudi nyuma. Uhakiki huu unazipima kanuni hizo kwa menyu za Kiswahili za pesa kwa simu, hususan zile za USSD ambazo hufunguliwa kwa kupiga msimbo, kama vile *150*00# wa M-Pesa nchini Tanzania. Hoja ya msingi ni kwamba kanuni za Nielsen ni sahihi lakini hazijitoshelezi. Katika kiolesura kisicho na picha wala rangi, lugha ndiyo usanifu wenyewe. Tathmini isiyochambua mofolojia na semantiki ya Kiswahili haioni mahali kosa linapoanzia.

Hali ya mfumo na viambishi vya njeo

Kanuni ya kwanza inadai kwamba mtumiaji ajue wakati wote mfumo unafanya nini. Katika simu janja, alama inayozunguka humwambia asubiri, na alama ya vema humwambia kazi imekwisha. Katika simu ya vitufe, tofauti hiyo yote hubebwa na silabi moja: “inatumwa” na “imetumwa” hutofautiana kwa viambishi -na- na -me- pekee. Kwa msomaji mzoefu, tofauti hiyo inatosha. Kwa mtu anayesoma kwa shida, katika kioo kidogo na foleni ikimsubiri, silabi hiyo ndiyo mpaka kati ya kungoja na kutuma fedha mara ya pili. Mhakiki anayeuliza tu iwapo ujumbe wa hali ya mfumo upo atajibu kuwa upo, na tatizo litabaki palepale.

Ufinyu wa nafasi huongeza ugumu. Ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182. Neno PIN huchukua nafasi 3, ilhali “namba ya siri” huchukua 13. Ni rahisi kuhitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ndefu isiyofaa kwa menyu. Hitimisho hilo si sahihi. Neno “utamtumia”, lenye herufi 9, hubeba mtenda, njeo, mtendewa na tendo. Urefu huwa mzigo pale matini inapotafsiriwa neno kwa neno. Inapoandikwa tangu mwanzo kwa Kiswahili, muundo wa kitenzi hurudisha sehemu ya nafasi iliyopotea.

Lugha ya mtumiaji

Kanuni ya pili inahusu ulinganifu kati ya mfumo na ulimwengu wa mtumiaji. Hapa menyu za Kiswahili zina mafanikio yanayostahili kutambuliwa. “Salio” linatokana na kusalia, na maana yake iko wazi. “Wakala” lilikuwa neno la biashara na sheria kabla ya simu kuwapo. “Namba ya siri” inashinda PIN, kwa kuwa onyo limo ndani ya jina lenyewe.

Udhaifu hujitokeza katika vitenzi vya kusitisha. Ghairi, futa, sitisha na batilisha hutumika katika programu mbalimbali kana kwamba ni visawe. Kughairi ni kubadili nia kabla ya kutenda. Kufuta ni kuondoa kilichokwisha kuwapo. Kusitisha huacha uwezekano wa kuendelea. Kubatilisha hukiondolea nguvu kilichokwisha kuamuliwa. Mtumiaji anayekutana na “futa” katikati ya muamala ana haki ya kujiuliza kinachofutwa ni nini: ombi, fedha au akaunti. Kanuni ya uthabiti, ambayo ni ya nne, haiwezi kutekelezwa bila istilahi sanifu.

Kuzuia makosa

Mwaka 2015, Safaricom ya Kenya ilianzisha huduma ya Hakikisha, iliyomwonesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa muda mfupi wa kuzuia muamala. Kwa mujibu wa kanuni ya tano, hatua hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo, jina na utendaji wake havikuafikiana kikamilifu. Kitenzi “hakikisha” ni amri inayodai tendo, ilhali utaratibu ulioanzishwa ulichukulia ukimya kuwa ridhaa: asiyejibu alihesabiwa kuwa amehakikisha. Anayesoma polepole hakupewa muda zaidi ya anayesoma haraka.

Katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, Donald Norman alieleza kwamba makosa mengi ya watumiaji chanzo chake ni usanifu. Hoja hiyo ina uzito hapa. Asiyeweza kuifuata menyu humpa mjukuu au wakala simu yake, na pamoja nayo namba ya siri. Kumlaumu kwa kuvunja siri ni kusahau kwamba kiolesura hakikumwachia njia nyingine.

Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba simu janja zitaliondoa tatizo hili. Dai hilo halitoshelezi, kwa kuwa vitufe vya simu janja huandikwa vitenzi vilevile. Kanuni za Nielsen ziendelee kutumika, lakini kila kanuni iambatane na swali la kiisimu: ni kiambishi gani kinabeba hali ya mfumo, ni kitenzi gani kinabeba uamuzi, na ukimya wa mtumiaji unapewa maana gani. Kwa msingi huo, mwanaisimu anastahili kuwa na nafasi katika jopo la usanifu tangu mwanzo, badala ya kuitwa mwishoni kutafsiri yaliyokwisha kuamuliwa.