Saa Iliyoanguka Njiani

Shajara za mwisho za Daktari David Livingstone zilichapwa London mwaka 1874, katika mabuku mawili, kwa juhudi ya rafiki yake Horace Waller. Wengi huzisoma kwa ajili ya habari za safari, njaa, homa na biashara mbaya ya watumwa. Sisi wa Kapata tuna sababu nyingine: mto utajwao humo mara nyingi ni Lualaba, mto wetu, na shaba ya Katanga imetajwa pia, ijapokuwa mwandishi hakufika kuiona inapochimbwa. Leo nataka kukipima kitabu hiki kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa saa.

Kwa nini saa? Dunia hugeuka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Basi msafiri akijua saa ya jua mahali alipo, na akijua pia ni saa ngapi wakati huohuo kule Greenwich, aweza kuhesabu yuko mashariki au magharibi kwa kiasi gani. Kolwezi iko karibu nyuzi 25 na nusu mashariki ya Greenwich. Ndiyo sababu adhuhuri ya jua hutufikia, kwa wastani, saa sita na dakika 18 kwa saa ya serikali inayotumika Katanga. Lakini saa ya msafiri ikikosea dakika moja tu, mahali pake katika ramani huhama kiasi cha kilomita 28 penye ikweta. Ikikosea sekunde nne, ni karibu kilomita mbili.

Livingstone alifundishwa kazi hii mwaka 1852 na Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kuangalia nyota kule Cape Town. Katika nyumba ya namna hiyo, zamani hizo, saa ilifungwa imara, isitikiswe, tena ililindwa na joto na baridi. Usiku usio na mawingu mtaalamu alikaa penye darubini iliyoelekezwa katika mstari wa kaskazini na kusini, akangoja nyota ipite, akaandika saa. Nyota ileile hurudi baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Basi nyota ndiyo iliyoikagua saa. Wala haikutafutwa saa isiyokosea kabisa, kwa maana haipo. Saa inayochelewa sekunde mbili kila siku, leo na kesho na mwezi ujao, ni saa njema: kosa lake lajulikana, nalo hutolewa katika hesabu. Saa mbaya ni ile inayobadili mwendo wake na hakuna ajuaye.

Sasa tutazame kitabu. Mwezi wa Januari 1867, kijana aliyebeba kronomita alianguka nazo mara mbili. Mwendo wa saa ukabadilika, na mahali palipohesabiwa pakasogezwa mashariki kupita ilivyo kweli. Msituni hapakuwa na Maclear wa kuzikagua. Msafiri alibaki na mwezi: alipima umbali kati ya mwezi na nyota, akatafuta katika almanaka ni saa ngapi Greenwich. Ni kazi ngumu, na mkono ukitetemeka kwa homa, hesabu hutetemeka nayo.

Jambo la kwanza la kusifu ni kwamba Livingstone hakuficha habari hizi. Aliandika kuwa saa zimepata kasoro. Aliandika pia kwamba mwezi wa Januari 1869, alipougua vibaya, hesabu ya siku ilimpotea. Ndiyo maana kukutana kwake na Stanley kule Ujiji, shajara yake inakuweka mwishoni mwa Oktoba 1871, na Stanley anakuweka tarehe 10 Novemba. Kwa maoni yangu kurasa hizo za kukiri ndizo zilizo bora katika kitabu kizima.

Lakini kuna la kulaumu. Katika chapa, kila tarehe na kila mahali pana sura moja, herufi zilezile nyeusi, kana kwamba zote zina uhakika sawa. Msomaji haonyeshwi kila mara ipi ilipimwa vizuri na ipi ilibahatishwa. Mwaka 2011 wataalamu waliweza kusoma tena, kwa mianga ya namna mbalimbali, maandishi yaliyofifia ya shajara ya 1871, aliyoyaandika juu ya magazeti ya zamani. Ikaonekana kwamba aliyoyaandika palepale Nyangwe, penye mauaji ya 15 Julai, hayalingani pote na yale aliyoyanakili baadaye. Kwa mtu wa nyota hilo ni kosa kubwa: namba ya kwanza haifutwi, masahihisho huandikwa kando yake.

Na yule kijana? Jina lake msomaji hapewi. Anguko lake analo. Kule Cape Town saa ilikuwa na kuta; hapa ilikuwa na mabega ya mtoto na njia ya utelezi. Tukisema kijana aliharibu longitudo, tuseme pia kwamba ndiye aliyezibeba saa hata zikafika pale.

Tumezoea kuambiwa kwamba Mwafrika hajui kutunza wakati. Kitabu hiki chajibu vinginevyo. Mgonjwa alipoteza hesabu ya siku, kama ambavyo yeyote angeipoteza. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwaka 1873, Jacob Wainwright ndiye aliyechonga tarehe katika mti: 4 Mei. Tarehe ikubaliwayo na wengi ni 1 Mei. Siku tatu hizo si aibu kwa Wainwright. Bila kisu chake tusingekuwa na cha kulinganisha. Kisha yeye, Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili mpaka Bagamoyo, wakapokewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu, Februari 1874.

Kuhusu Lualaba, Livingstone aliushika kwa nguvu kuwa ni Nile, ijapokuwa mara nyingine alikiri hofu kwamba huenda ni Kongo. Stanley aliufuata mpaka pwani ya magharibi mwaka 1877, na ile hofu ndiyo iliyokuwa kweli. Mwandishi aliyejua kuzishuku saa zake hakuishuku vya kutosha hamu yake.

Basi kitabu hiki chafaa kusomwa, hasa na walimu wetu, lakini kisomwe kama mtaalamu aisomavyo saa yake: kila ukurasa uulizwe ulikaguliwa na nani, na kosa lake ni kiasi gani. Mwenye kusoma hivyo atamheshimu Livingstone zaidi, wala hatamsahau kijana aliyeanguka.