Ufundi wa Kupunguza

Fundi anayeongeza tunamsifu kila siku. Leo namsifu fundi anayepunguza, na kazi yake naiona wazi ndani ya ZX81, kompyuta iliyotoka Cambridge, Uingereza, Machi 1981. Kampuni ya Clive Sinclair iliiuza kwa pauni 69.95, na aliye tayari kuunganisha vipande mwenyewe kwa risasi ya kuchomea alilipa 49.95.

Bei hiyo ilitokana na jasho. ZX80 iliyoitangulia ilikuwa na chipu 21. Mhandisi Jim Westwood na wenzake wakazikusanya kazi za chipu 18 ndani ya moja, iliyotengenezwa na kampuni ya Ferranti, na mashine nzima ikabaki na chipu nne hivi. Skrini ni runinga ya sebuleni, ghala ni kaseti. Kibodi ni bapa kama meza, lakini ukigusa P, neno zima PRINT linatokea, na linahifadhiwa kwa baiti moja tu.

Ilibidi iwe hivyo, kwa kuwa kumbukumbu yote ilikuwa baiti 1,024. Humo inakaa programu yako, na picha ya skrini nayo inakaa humohumo. Skrini ina mistari 24, kila mmoja herufi 32. Ikijaa pomoni inameza baiti 793. Utaandika nini tena? Mafundi wakaamua kutouhifadhi utupu. Mstari usio na neno hawakuutengea nafasi 32. Waliuwekea alama moja ya kuonyesha umeisha. Skrini tupu ikawa inakula baiti 25, ikiongezeka kadiri unavyoandika. Akili iliyoje! Na mchoraji wa picha hiyo ni kichakataji chenyewe, Z80. Kinapofika kwenye kingo tupu za juu na chini ndipo kinapata upenyo wa kupiga hesabu zako. Ukiwa na haraka unaamuru FAST: picha inatoweka, kichakataji kinazama kwenye hesabu, kikimaliza picha inarudi.

Zaidi ya mashine milioni moja na nusu ziliuzwa, na walionunua wakaurithi ufundi uleule. Mmoja wao, David Horne, aliandika mchezo wa sataranji wa baiti 672. Kanuni chache zimeachwa nje, ila mashine inacheza kwelikweli: farasi anaruka, malkia anatishia, mfalme anakimbia, yote katika nafasi isiyotosha hata kuihifadhi aya iliyotangulia hii.