Injini za Datsun Z: Petroli Ilivyopimwa Upya

Mazungumzo kuhusu injini za magari ya Z ya Nissan huhamia upesi kwenye tabo. Kwa maoni yangu, hatua iliyouokoa ukoo huu ilipigwa kabla ya hapo, mwaka 1975, katika 280Z, gari ambalo wapenzi wengi wa Z hulipita wakikimbilia yaliyolitangulia na yaliyolifuata.

Z ya kwanza, 240Z, ilitoka mwishoni mwa 1969 ikiwa na injini ya L24: silinda 6 katika mstari mmoja, bloku ya chuma cha kusubu, silinda hedi ya alumini, na kamshafti moja inayozungushwa na mnyororo. Ujazo wake ulikuwa cc 2,393, na Wamarekani walitangaziwa nguvu za farasi 151. Krenkishafti ilishikwa na beringi kuu 7, na hapo ndipo ulipokuwa uimara wake. Afrika Mashariki iliuona uimara huo kwa macho: 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Injini dhaifu isingevuka tope na vumbi la mashindano yale.

Kilichoibana L24 ni sheria za Marekani za kupunguza moshi. Nissan ilijibu kwanza kwa kuongeza ujazo. Katika 260Z ya 1974, mwendo wa pistoni ulirefushwa kutoka milimita 73.7 hadi 79, ujazo ukafika cc 2,565. Tatizo lenyewe lakini lilibaki kwenye kabureta. Kabureta huachia petroli kwa mvuto wa hewa inayopita kooni mwake, na haiwezi kufuata kwa karibu kila badiliko la joto na mzigo. Zile zilizofungwa kwenye 260Z za Marekani, zikiwa zimebanwa ili kutimiza sheria, zilikuwa kero tupu: joto la injini lilichemsha petroli ndani yake, gari likakohoa na kugoma kuwaka.

Ndipo ikaja 280Z. Silinda zilipanuliwa kutoka milimita 83 hadi 86, ujazo ukawa cc 2,753, lakini jambo kubwa lilikuwa mfumo wa L-Jetronic wa Bosch. Kibao kidogo kwenye njia ya hewa husukumwa na hewa inayovutwa na injini, na kadiri kinavyofunguka ndivyo ishara ya umeme inavyobadilika. Kompyuta huiweka ishara hiyo pamoja na kasi ya injini na joto la maji, kisha huamua nozeli 6 zibaki wazi kwa muda gani. Petroli ikaanza kutolewa kwa hesabu ya hewa iliyoingia hasa.

Bila hesabu hiyo, 280ZX Turbo ya 1981 ingekuwa hatari kwa pistoni zake. Tabo husukuma hewa nyingi kwa ghafla, na petroli ikipungua kidogo tu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati. Hata hivyo mafundi walilazimika kushusha uwiano wa mgandamizo kutoka 8.3 hadi 7.4, wakapata nguvu za farasi 180.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuja kwa kasi. 300ZX ya 1983 ilileta V6, fupi kuliko silinda 6 za mstari. Ile ya 1989 ilipata tabo 2 na nguvu za farasi 300 kwa soko la Marekani, ikiwa imesongamana kiasi kwamba fundi hana pa kupitisha mkono. 350Z ya 2002 iliacha tabo na kutegemea cc 3,498.

Tabo 2 zilirudi katika Z inayouzwa tangu 2022, yenye cc 2,997 na nguvu za farasi 400. Humo nozeli zimehamia ndani ya silinda zenyewe. Petroli inapogeuka mvuke humo hupoza hewa iliyosukumwa na tabo, na hiyo ni sababu mojawapo injini hii kuweza kuhimili mgandamizo wa 10.3, pale ambapo ile ya 1981 iliishia 7.4.